Rezista

Gari nililinunua kwa kiinua mgongo.
Miaka thelathini na moja nimesoma mita za maji,
Magomeni, Manzese, Mabibo,
nimefukuzwa na mbwa wa kila rangi,
mwisho nikabaki na Mazda nyeusi
yenye macho ya ukungu na manjano.
Njia ya Kitunda, usiku,
sikuliona shimo mpaka liwe limeshaniona.

Hamduni, fundi wa Gerezani, alicheka:
"Taa hizi, mzee, hazimuliki, zinaomba radhi."
Akatoa projekta mbili ndani ya boksi la viatu.

Taa ya kisasa haifunguki kwa bisibisi.
Imeshikwa na gundi nyeusi, king'ang'anizi kama deni.
Inaokwa.
Tukaipeleka Buguruni kwa dada yake, Siwatu,
muoka keki za harusi.
Akaitoa keki, akaiingiza taa ya kushoto,
nyuzi tisini, dakika nane.
"Mkiniharibia oveni, bibi harusi mtamjibu nyie."
Kioo kikaachia. Kilitoka kinanukia vanila
na mpaka sasa, injini ikipata moto,
mbele ya gari kuna harufu ya sherehe ya watu nisiowajua.

Tukafunga. Soketi, silikoni, fyuzi mpya.
Hamduni akawasha:
ukuta wa gereji ukawa mweupe, kila msumari ukatoa kivuli,
paka akasimama katikati kama mshitakiwa.
Lakini ndani, kwenye dashibodi, maandishi mekundu:
taa ya kushoto imekufa,
taa ya kulia imekufa.

"Si zinawaka?"
"Zinawaka. Ila hazili umeme wa kutosha.
Kompyuta ilizoea balbu mlafi.
Asiyekula, kwake yeye, ni maiti."

Nikakaa juu ya tairi.
Maneno hayo niliyasikia Jumanne,
dirisha namba nne,
binti mpole akinitazama usoni:
"Baba, mfumo unasoma umefariki."
Nilikohoa ili anisikie.
Nikampa kitambulisho, nikasogeza na uso.
"Mimi nakuona, baba. Mfumo ndio haukuoni.
Njoo Jumatatu na vidole vyako, tukuhakiki."
Pensheni mwezi wa nne huu haijaingia.

Hamduni akachomoa rezista,
kipande cha rangi ya dhahabu, sawa na gumba.
"Kazi yake nini?"
"Haina kazi. Inakula umeme wa bure, inachemka, basi.
Kompyuta ikiona kuna anayekula, inaamini kuna uhai."
Ofisini kwetu walikuwepo wa namna hiyo.
Walipandishwa vyeo.

Dashibodi ikanyamaza.
Magharibi tukazipima ukutani.
Ukingo wa mwanga ulipanda kulia,
kumbe zimetoka nchi wanakopita kulia.
Akafungua tena, akageuza kibati,
akazishusha, akachora mstari wa chaki, akazishusha zaidi.
"Inatosha, naona vizuri," nikasema.
"Wewe unaona. Na huyo anayekuja?"

Basi nami, kwa ugonjwa wa kusoma mita,
nikainama chini ya boneti
nisome namba zilizoandikwa kwenye ile rezista.
Nikaishika.
Gumba la kulia likalia kama kitunguu kwenye mafuta.

Leo Jumapili. Njia ya Kitunda ni nyeupe,
kila shimo nalijua kwa sura.
Siwatu kanipaka ute wa yai.
Lengelenge limevimba, laini, linang'aa
kama kioo kilichotoka kung'arishwa.

Hamduni kapiga simu:
"Mzee, zinawaka?"
Nimeshuka, nimelitazama gumba mbele ya taa zangu mwenyewe.
Hakuna mstari hata mmoja.
"Zinawaka," nimemwambia.
"Gari limekubali."